Simu Iliyonyamazisha Madufu ya Mzee Abbasi

Jumatatu Abbasi Awadhi alinunua simu kwa sababu ya sifa yake moja. Kufika Alhamisi alitaka kuirudisha dukani, kwa sababu ya sifa hiyohiyo.

Abbasi ana miaka sitini na mmoja, anaishi Gongoni mjini Tabora, na anatengeneza madufu. Dufu ni ngoma ya upande mmoja: duara la mti lenye upana wa sinia, ngozi ya mbuzi juu, uwazi chini. Hushikwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa mwingine. Bila dufu, zafa ya Maulidi inabaki kuwa watu waliovaa kanzu wakitembea barabarani. Ndiyo maana kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unapokaribia, karakana ya Abbasi, ambayo ni kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba yake, hujaa ngozi zilizowambwa na harufu ya gundi hufika hadi kwa majirani.

Wateja wake wako kwenye njia ileile ya magharibi ambayo zamani ilikuwa ya wapagazi na sasa ni ya reli: Urambo, Kaliua, Uvinza, hadi Ujiji, alikozaliwa bibi yake mzaa baba. Baba yake aliwauzia baba zao. Mzee Awadhi alikuwa akibeba madufu mgongoni na kuwafuata wateja, kwa sababu hakuna chama cha Maulidi kinachonunua dufu kwa kulitazama. Lazima lisikike. Abbasi naye alisafiri hivyo kwa miaka mingi, mpaka simu za kisasa zilipompumzisha.

Miaka sita sasa alikuwa anauza akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Alikuwa na utaratibu ambao wateja wote waliujua. Simu inawekwa juu ya mbao, hatua tatu kutoka kigodani. Dufu linapigwa mara tatu: mara ya kwanza katikati, mara ya pili ukingoni, mara ya tatu katikati tena, na mlio wa mwisho unaachwa ufe wenyewe. Ujumbe wa sauti unatumwa. Huko aliko, mteja anausikiliza ule mlio wa mwisho na kuhesabu. Dufu la Abbasi hufika nne kabla ya kunyamaza. Linaloishia mbili halitoki karakanani.

Simu ya zamani ilikufa Jumapili, ilipoponyoka mkononi mwake na kuzama ndani ya kopo la gundi ya moto. Aliitoa kwa koleo. Mkewe, Mwanajuma, aliitazama ikitiririka na kusema, "Sasa hiyo ibandike ukutani, haitaanguka tena."

Kesho yake Abbasi akaenda kwa Aftab.

Aftab ana duka la simu karibu na soko kuu. Babu yake aliuza vitambaa palepale, baba yake akauza redio, yeye anauza simu. Amezaliwa Tabora, anaongea Kiswahili cha Tabora, na anajua kuuza. Alipoambiwa kwamba nyumba ya Abbasi imepakana na mashine ya kusaga ya Tobias, na kwamba kuanzia saa mbili asubuhi hakuna anayeweza kuongea kwa simu hapo bila kupiga kelele, alitoa boksi moja kutoka kabati la kioo.

"Hii, Mzee Abbasi, imetengenezwa kwa ajili ya Tobias."

Akatoka nje ya duka na ile simu. Nje alikuwapo muuza dawa ya panya mwenye kipaza sauti, yule anayezunguka soko zima akiwatangazia watu kifo cha panya, kunguni na mende. Aftab alisimama naye bega kwa bega, akapiga simu ya mezani ya duka lake, na Abbasi akaipokea ndani. Alisikia, "Mzee wangu, unanisikia?" kama mtu anayeongea msikitini. Panya hawakuwepo. Kunguni hawakuwepo.

"Inachuja," Aftab alisema aliporudi. "Inajua sauti ya mtu ni ipi na kelele ni ipi. Inasikia kuliko sikio lako na langu."

Abbasi akainunua. Aftab akamwandikia risiti yenye waranti ya siku saba: ikiwa na ubovu, inabadilishwa. Siku saba zingeisha Jumapili.

Jioni hiyohiyo alirekodi dufu la kwanza kati ya ishirini na manne yaliyoagizwa na Ustadhi Majidi wa Ujiji. Majidi ana madrasa, ana umri wa miaka arobaini na kitu, na ndiye anayeongoza zafa ya mtaa wake. Ni mteja mzuri wa aina inayochosha: analipa bila maneno, lakini anasikiliza kila dufu moja moja. Zafa ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Jibu lilikuja Jumanne asubuhi.

"Asalaam aleykum Mzee Abbasi. Nimesikiliza. Nimempa na mke wangu asikilize. Hebu niambie, hilo ni dufu au ni sinia la chai? Nimeanza kuhesabu, sijafika mbili, kimya."

Abbasi alirekodi jingine, kisha la tatu. Majidi akajibu kwamba sasa ameshapata sinia, kikombe na birika lake, bado sukari.

Hapo Abbasi akafanya jambo ambalo kwa kawaida halifanyi: alisikiliza ujumbe wake mwenyewe. Kweli. Dufu lilisikika likigota mara tatu kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa mbao, basi. Akalichukua dufu lenyewe, akalipiga. Likalia na kuzunguka kibanda kizima, moja, mbili, tatu, nne. Akarudia simu: ko, ko, ko. Akarudia dufu: nne.

Mtu mwingine angeilaumu simu. Abbasi aliitazama ile simu, mpya, inang'aa, nailoni bado iko kiooni, na hakuona kwa nini iseme uongo. Aftab alikuwa ameonyesha mbele ya macho yake kwamba inasikia kuliko sikio la mtu. Sikio lenyewe lilikuwa na miaka sitini na mmoja.

Na kulikuwa na habari ya baba yake. Mzee Awadhi alipiga madufu yake mpaka mwisho, na mpaka mwisho alisema yanalia vizuri. Hayakuwa yanalia. Miaka yake miwili ya mwisho alikuwa akiwamba ngozi legelege, anapiga, anatabasamu, kwa sababu alikuwa anasikia dufu la zamani lililobaki kichwani. Wateja hawakumwambia. Walipunguza tu kuja, mmoja mmoja, na waliokutana naye barabarani walimsalimia kwa heshima zaidi kuliko kawaida. Abbasi aliyaona hayo akiwa kijana. Tangu Jumanne ile, kila Majidi alipomwita "Mzee Abbasi" alijiuliza kama heshima imezidi.

Jumatano aliwasha mkaa. Ngozi iliyolegea hukazwa kwa joto: unalipitisha dufu juu ya makaa, mbali kidogo, unageuza, unapiga, unasikiliza. Lakini ngozi hizi hazikuwa zimelegea. Alikuwa anakaza kitu kilichokwisha kukazwa, akifuata hukumu ya simu, akirekodi, akisikia ko, ko, ko, akirudisha motoni. Dufu la nne, zuri kuliko yote, la ngozi ya mbuzi jike aliyemchagua mwenyewe mnadani Ulyankulu, lilipasuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Mwanajuma alisikia mlipuko akiwa jikoni.

"Nini hicho?"

"Ngozi."

"Ngozi ya nini?"

"Ya Ujiji."

Akaja mlangoni, akamwona mumewe amekaa na duara tupu mapajani. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mitatu, na katika miaka hiyo hakuwahi kumwona akipasua dufu lililo tayari.

"Mwanajuma," Abbasi alisema, "mimi nasikia?"

"Unasikia nini?"

"Nauliza kama nasikia."

"Mbona unanijibu?"

"Sauti yako si dufu."

"Alhamdulillahi," Mwanajuma alisema, "maana ningeshapita motoni mimi." Lakini hakucheka, na usiku wa siku ile hakumtania tena.

Kwa upande wake, Mwanajuma aliipenda sana simu mpya. Mtoto wao Shamila anaishi Dodoma, na kwa miaka yote mazungumzo yao ya mchana yalikuwa na maneno mawili tu: "Unasemaje?" na "Sisikii!" Sasa Shamila alikuwa anasikia kila kitu. Alhamisi asubuhi Mwanajuma alimtumia ujumbe wa sauti kutoka uani, akimweleza bei ya mchele na ugonjwa wa shangazi yake wa Itetemia. Shamila akajibu baada ya dakika mbili.

"Pole na shangazi. Mama, leo umeme umekatika huko? Mbona kwa Tobias kimya?"

Mwanajuma akainua kichwa. Upande wa pili wa ukuta mashine ya Tobias ilikuwa inaunguruma kama kawaida. Vumbi la unga lilikuwa limetanda hewani na Tobias mwenyewe, mweupe kuanzia kichwani hadi viatuni, alikuwa anagombana na mteja kwa ishara za mikono kwa kuwa maneno hayakuwa yanasikika.

Aliusikiliza tena ule ujumbe wake. Sauti yake ilikuwepo yote. Mashine haikuwepo hata kidogo.

Akaenda karakanani, akamwekea Abbasi simu sikioni bila maelezo, kisha akamwuliza, "Kama imemeza mashine ya Tobias nzima nzima, na mota yake na mkanda wake, dufu lako ni nini?"

Abbasi aliurudia ule ujumbe. Alisikiliza mara tatu. Alielewa haraka: kwa simu ile, sauti ya mtu ni sauti, na vingine vyote ni kelele za kufutwa. Mgoto wa kwanza wa dufu uliiponyoka kwa kuwa ulikuwa mfupi. Mlio uliofuata, ule unaozunguka, ule ambao watu wa Ujiji wanaulipia, ulishikwa na kutupwa pamoja na kunguni na mende.

Lakini alikuwa mtu makini, na aliona pia kile ambacho Mwanajuma hakukiona. Kujua kwamba simu inafuta milio hakukuthibitisha kwamba mlio ulikuwepo. Inawezekana simu ilikuwa imefuta mlio mzuri. Inawezekana vilevile hakukuwa na cha kufuta, na zile nne anazozihesabu ziko kichwani mwake tu, zilikokuwa za baba yake.

Hata hivyo alivaa kofia, akachukua dufu moja, akaenda kwa Aftab.

"Asalaam aleykum."

"Waaleykum salaam, Mzee wangu. Karibu. Simu inasemaje?"

"Inasema inachotaka. Nimeileta."

"Ina ubovu gani?"

"Inachuja."

Aftab alingoja sentensi iendelee. Haikuendelea. "Mzee Abbasi, hiyo ndiyo sifa yake. Umeinunua kwa hiyo sifa. Unarudisha simu kwa sababu inafanya kazi?"

"Inafanya kazi kupita kiasi."

"Waranti inasema ubovu. Nikiwaandikia wenye mali kwamba mteja karudisha kwa sababu simu ni nzuri mno, watanipeleka hospitali."

Abbasi akampigia dufu pale dukani. Wateja wawili waligeuka, na mama mmoja mlangoni akapiga kigelegele kwa mazoea. Kisha akalirekodi na kumwekea Aftab asikie. Aftab alicheka, halafu akaacha kucheka, kwa sababu anajua kazi ya yule mzee na anajua Mfungo Sita ni mwezi gani kwake. Alifungua mipangilio ya simu, akashuka nayo, akapanda nayo, akasoma maandishi madogo. Kwenye simu za aina ile kichujio hakizimwi.

"Kuna toleo jingine lisilo na haya mambo," alisema. "Linakuja na mzigo wa Dar. Wiki ijayo, au inayofuata. Sasa sikiliza. Ukirudisha hii kabla ya Jumapili kwisha, nakupokea kwa sababu ni wewe, na jina lako naliandika la kwanza. Utakaa bila simu mpaka mzigo ufike. Ukiipitisha Jumapili, hiyo ni mtumba. Sitaweza kukubadilishia."

"Na leo nitumie nini?"

"Leo tumia yangu."

Wakarekodi dufu lilelile kwa simu ya Aftab, ambayo ilikuwa ya zamani na haikuchagua cha kusikia. Mlio ukatoka mzima. Abbasi akautuma Ujiji na kueleza yaliyotokea. Alipoongea, mkono wake mmoja ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

Majidi alipiga mwenyewe, mara moja.

"Mzee Abbasi, juzi dufu lilikuwa sinia. Leo limekuwa kengele. Umebadilisha dufu?"

"Hapana. Nimebadilisha simu."

"Haya. Kesho ukipata simu nzuri zaidi ya hiyo, dufu litaadhini?"

"Majidi, baba yako amenunua kwa baba yangu..."

"Na Mungu awarehemu wote, lakini hawakununua simu. Mimi sasa sijui nanunua nini. Nikisikia vizuri nitasema simu, nikisikia vibaya nitasema simu. Jumapili asubuhi naagiza ya plastiki Dar, yapo tayari, nikichelewa hayafiki Alhamisi. Kama unataka nisikie, njoo nayo hapa, yapigwe mbele ya masikio yangu."

Abbasi akasema atakuja.

Sasa ikabaki kesi ya simu. Treni ya Kigoma ilikuwa Ijumaa jioni. Angefika Ujiji Jumamosi, na siku saba za Aftab zingeisha akiwa huko. Ilibidi aamue kabla ya kuondoka, au amwachie mtu uamuzi. Ijumaa baada ya sala alimkuta Mwanajuma uani akichambua mchele, akakaa karibu naye.

Mwanajuma alikuwa na maoni yake. "Mimi ningekaa nayo. Umesikia Shamila anavyonisikia? Na hiyo nyingine ya Aftab, mzigo wa Dar nani ameuona? Mzigo wa Aftab wa Shaabani mwaka jana ulifika Ramadhani imekwisha."

"Mimi naenda Ujiji na madufu," Abbasi alisema. "Nitakupigia kwa simu ya Majidi. Nikikwambia yamekubaliwa, basi simu ndiyo iliyokosea. Irudishe, tusubiri nyingine."

"Na yakikataliwa?"

"Baki na hiyo. Ni nzuri kwa kuongea."

"Na madufu utawatumia na nini?"

Abbasi aliokota punje iliyoanguka, akairudisha. Mwanajuma aliinua macho kutoka kwenye ungo, akamtazama, kisha akarudi kwenye mchele. Alielewa kwamba mumewe hakuwa anazungumzia simu tena. Kama madufu ya Ujiji yangekataliwa, asingetengeneza mengine.

Alimfungia ishirini na matatu ndani ya magunia mawili, akayatenganisha kwa khanga zake ili yasisuguane. Treni ilipangwa saa kumi na moja jioni na iliondoka saa moja na nusu. Abiria wa behewa lake walimwuliza kama ni sinia za harusi. Alisema ni madufu. Mmoja akaomba apigiwe, akakataa, jambo lililowashangaza. Kwa kawaida mtu wa madufu hahitaji kuombwa.

Madrasa ya Majidi ina uwanja wa mchanga na ukumbi wa mabati. Majidi alimpokea Abbasi kwa shikamoo, maji ya kuoga, wali na samaki, na hakutaja kazi mpaka baada ya sala ya alasiri. Kisha akatandika mkeka, akayapanga madufu, akakaa.

"Mzee wangu usiniangalie mkono," alisema. "Geukia huko. Mtengenezaji akimwangalia mpigaji, mpigaji anaogopa."

Abbasi akageukia ukuta.

La kwanza. Majidi alipiga, akaacha life, akaliweka kulia kwake bila kusema. La pili, kulia. La tatu, kulia. Abbasi alikuwa anahesabu midomo ikiwa imefungwa, nne, nne, nne, lakini alikuwa amezihesabu nne hizohizo Gongoni, na hazikumpa raha. Hakujua Majidi anaweka upande gani. Majidi, ambaye kwa simu hamalizi utani, alikuwa kimya kama mtu anayeonja dawa.

Dufu la kumi na tano lilipolia, Abbasi alisema, "Hilo weka pembeni."

"Lipi? Hili?"

"Hilo. Halifai."

Majidi akalipiga tena. "Mbona ni zuri? Mimi nalipitisha."

"Lina kitu chini. Mlio unafika tatu halafu unakwaruza."

Majidi akalipiga mara tatu zaidi, kichwa akikiinamisha, jicho moja amelifumba. Hakusikia kitu. Akaligeuza, akaanza kuzunguka ukingo wake kwa kidole, polepole, msumari kwa msumari. Karibu na mwisho wa mzunguko kidole kikasimama. Ngozi ilikuwa imeachia mti, kwa upana wa ukucha wa kidole kidogo. Labda ni gunia, labda ni treni.

"Subhanallah," alisema. "Mzee Abbasi, umeliona hili saa ngapi?"

"Sijaliona. Nimegeukia ukuta."

"Mimi ninalo mkononi sijalisikia, wewe umelisikia ukiwa umenipa kisogo?" Majidi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Abbasi afike. "Basi geuka, geuka kabisa. Hayo manane yaliyobaki pitisha wewe. Mimi naona nilikuwa najaribu madufu kumbe najaribiwa masikio."

Abbasi aligeuka. Macho yalikuwa na maji, akasema ni vumbi la Ujiji, na Majidi akakubali kwamba Ujiji ina vumbi. Yale manane yalipita yote. Dar hakukuagizwa kitu.

Akaomba simu ya Majidi. Mwanajuma alipokea kwenye mlio wa pili.

"Mwanajuma, irudishe."

"Nimeirudisha."

"Lini?"

"Asubuhi. Nimemkuta Aftab hajamaliza kufungua makufuli. Amenipa simu ndogo ya kitochi ya kuwekea laini, ndiyo hii."

"Si nilisema usubiri nikupigie?"

"Ulisema. Wewe nikifungua mfuko wa kashata chumbani unanisikia uko karakanani. Leo nimngoje Majidi aniambie kama mume wangu anasikia?"

Pembeni ya Abbasi, Majidi alikuwa anaonyesha kwa vidole kwamba salio linakwisha.

"Aftab anauliza," Mwanajuma aliendelea, "unasubiri huo mzigo au akurudishie chako? Nimemwambia mimi sijui, hiyo ni kesi yako."

"Mwambie nasubiri. Lakini siku nitakayokuja nitakuja na dufu. Nitapiga palepale dukani, nirekodi, nisikilize kwa sikio langu, ndipo nichukue. Isiponipendeza nitasubiri nyingine, na nyingine."

"Utamfukuzia wateja."

"Watapiga vigelegele."

"Haya. Na hayo ya Ujiji?"

"Ishirini na mawili yamepita."

"Si ulichukua ishirini na matatu? Moja kalikataa?"

"Hajalikataa. Nimelikataa mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Mwanajuma akamwuliza kama ameshakula.